Skrinshoti ya mgombea naweza kuiandika?

Swali: Kaka shikamoo. Mi mwandishi mchanga hapa Mwanza, nalipwa kwa stori. Kwenye grupu la wasap imerushwa skrinshoti mgombea ubunge wetu anawatukana wavuvi. Nimeingia kwenye peji yake siioni, wenzangu wanasema ameifuta. Mhariri anaitaka leo. Naiandika au naiacha?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Usiiandike bado. Skrinshoti ni fununu tu, inakuonyesha pa kuanzia kutafuta, haikupi haki ya kuandika "mgombea amesema", maana mtu anafungua peji halisi kwenye kompyuta, anabadilisha maneno palepale kwenye brauza anapiga picha, na ukiangalia picha, rangi, saa, kila kitu ni cha kweli kasoro hayo maneno tu.

Angalia jina lenye @, sio lile la juu, la juu kila mtu anajiandikia anavyotaka. Kwenye @ herufi moja ikizidi, au o ikiwa sifuri, huyo ni mtu mwingine kabisa. Tiki ya bluu nayo isikudanganye, pale X (Twitter ya zamani) tangu 2023 ni ya kulipia. Halafu mtafute aliyeiona ikiwa hewani akupe linki yenyewe, ibandike kwenye Wayback Machine, tovuti inayohifadhi nakala za kurasa za mtandaoni, kuna siku unakuta mtu alishaihifadhi kabla haijafutwa. Na kuanzia leo ukikutana na posti nzito ihifadhi hapohapo, usisubiri jioni.

Kisha mpigie mgombea, na asipopokea mfuate. Hili linaniuma sana, mtu yuko Nyegezi wewe uko Igogo, ni kupanda daladala tu, halafu gazeti linaandika "hakupatikana"! Akikiri, chanzo chako sasa ni yeye, sio grupu. Akikana na huna ushahidi mwingine hapo stori haipo, mwambie mhariri hivyohivyo hata akinuna.

Kingine, naomba usije ukaokota komenti tano ukaandika "wavuvi Kanda ya Ziwa waja juu". Hao hujui hata kama wamewahi kushika nyavu, wengine wako Dar na wengine ni akaunti za kampeni. Wavuvi wenyewe na wafanyabiashara wa dagaa utawapata Mwaloni pale Kirumba, nenda asubuhi na notibuku yako, waulize majina na wanavua wapi.