Maswali na majibu: Mbwa wa jirani kang'ata, bili ni ya nani?

Barua za safari hii karibu zote zinahusu mbwa. Najibu chache zinazogusa wengi.

Mbwa wa jirani alimng'ata mwanangu wa miaka saba pajani. Sindano ya kwanza nimelipa 30,000, nikafunga genge langu, na nimeambiwa nirudi. Mbele ya mjumbe, mwenye mbwa alinipa 10,000 na pole. Naweza kudai zaidi? (Mama, Tabata, Dar es Salaam)

Dai vyote, mama. Mjumbe ametuliza ugomvi, lakini bili bado iko mikononi mwako. Sindano hizi za kuzuia kichaa cha mbwa kwa kawaida huchomwa siku ya kwanza, kisha siku ya tatu, ya saba na ya kumi na nne baada ya hapo, ingawa ratiba hutofautiana. Kwa bei yako, sindano nne ni 120,000. Ongeza nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, na siku ulizofunga genge. Kidonda kikiwa kimechimba na kutoa damu, huenda akaandikiwa pia kinga inayochomwa ndani ya kidonda chenyewe. Hiyo ni ghali zaidi na mara nyingi haipatikani hospitali ya karibu.

Chukua PF3 polisi (fomu ya majeruhi ya kupeleka hospitali), piga picha kidonda kabla hakijapona, tunza cheti cha daktari na kila risiti. Bodaboda hatoi risiti, kwa hiyo andika kwenye daftari tarehe, ulikotoka, ulikokwenda na ulicholipa. Kisha tafuta majirani waliowahi kung'atwa au kukimbizwa na mbwa huyohuyo. Mahakamani utatakiwa kuonyesha kwamba mwenye mbwa alijua ni mkali, au alizembea: geti wazi, mnyororo mbovu. Una miaka mitatu ya kufungua madai. Mbali na madai hayo, kifungu cha 233 cha Kanuni za Adhabu kinamgusa anayeacha kuchukua tahadhari dhidi ya hatari ya mnyama wake, na hiyo ni jinai.

Na tafadhali, usisaini karatasi ya "tumemalizana" kabla ya sindano ya mwisho. Kila mwezi naandikiwa na watu waliosaini siku ya pili kwa kuona haya, wakaja kukopa kwa ajili ya sindano ya tatu.

Nimeng'atwa jana. Je, nisubiri nione kama mbwa atakufa?

Hapana! Nimeshajibu swali hili mara nyingi mno. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, nenda hospitali leo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Anayefungiwa na kuangaliwa siku 10 ni mbwa, na wewe uwe umeshaanza sindano. Msimuue na kumzika kwa hasira. Mwiteni afisa mifugo.

Getini nimeandika "Mbwa mkali". Aliyeng'atwa ananidai kwa haki gani?

Kibao chako kinathibitisha kwamba ulijua. Kinaweza kukusaidia dhidi ya aliyeruka ukuta usiku. Kwa mgeni uliyemkaribisha, msoma mita, au mtoto anayepita barabarani wakati geti liko wazi, hakikuokoi. Wala usiniambie "mtoto alimchokoza". Mtoto wa miaka minne hajui kusoma kibao chako, na kumzuia mbwa ni kazi yako.

Mbwa wangu ana kadi ya chanjo. Bado nalipa?

Ndiyo. Chanjo inazuia kichaa, haizuii meno.

Dada wa kazi ameng'atwa na mbwa wetu tuliyemfungulia usiku. Nimemtibia, sasa namkata mshahara kidogo kidogo. Kuna ubaya?

Upo, tena mkubwa. Mbwa ni wako, nyumba ni yako, na ameumia akiwa kazini kwako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu kukata mshahara hivihivi bila sheria nyingine kuruhusu, au mfanyakazi kukubali deni kwa maandishi. Hapa hana deni lolote kwako. Mrudishie ulichokata, na siku anazokwenda kuchomwa sindano mlipe kama siku za kazi.

Mbwa hana mwenyewe, analala sokoni. Nimdai nani?

Kumpata wa kumdai ni vigumu sana, nasikitika kusema. Ukipata shahidi kwamba kuna mwenye banda anayemfuga alinde mali usiku na kumkana asubuhi, mdai huyo. Vinginevyo gharama inabaki kwako, na hili ndilo linaloniudhi kuhusu halmashauri zetu zinazokumbuka mbwa pale mtu anapokufa. Pemba walichanja mbwa kijiji kwa kijiji, kichaa kikatoweka. Mwaka 2016 kiliingia tena, wakarudia kuchanja, kikatoweka tena. Ukichanja mbwa saba katika kila kumi, ugonjwa hukosa pa kupita. Peleka taarifa ya mbwa huyo kwa maandishi kwa afisa mifugo wa kata, nakala kwa mtendaji, na ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Akimng'ata mwingine, hawatasema hawakujua.