Maji ya moto ya kuogea safarini: shawa niliyofunga kwenye Hiace yetu

Julai ya mwaka juzi tulilala njiani, mbele kidogo ya Kaliua, mimi na mke wangu na watoto wawili na mama, tunatoka Tabora tunaenda Ujiji kwa shangazi. Asubuhi kile kibaridi cha mwezi wa saba, waliokaa Tabora wanakijua, mama akaomba maji aoge maana yeye hajawahi kuianza siku bila kuoga, na maji niliyokuwa nayo ni dumu lililolala nje usiku kucha. Akaoga hivyo hivyo nyuma ya gari, kopo kwa kopo, wala hakusema kitu. Lakini magoti yake yana shida ya miaka mingi na tulipofika Uvinza alikuwa hawezi kushuka kwenye gari bila kushikwa mikono miwili. Iliniuma sana. Nikajiapia safari inayofuata mama anaoga maji ya moto, na ya kumwagika yenyewe, sio ya kuinama kwenye ndoo.

Sasa nawaandikia nyie mnaosafiri na familia kwa gari zenu na mnalala humo humo, maana nimepoteza hela na muda kwenye njia mbili kabla sijapata inayofanya kazi.

Njia ya kwanza kila mtu anayoifikiria ni umeme. Una betri, una inveta, nunua hita ile ya kuchovya kwenye ndoo, basi. Aisee fanya hesabu kwanza. Kupasha lita 20 za maji kutoka baridi ya nyuzi 20 mpaka nyuzi 40 za kuogea inataka karibu nusu uniti ya umeme, uniti hizi hizi tunazonunua za LUKU. Nyumbani huioni. Kwenye gari, betri ya volti 12 yenye ampea 100 ikiwa imejaa ina uniti 1.2 tu, na hizi betri za kawaida za asidi ukizikausha chini ya nusu unaziua, kwahiyo unabaki na 0.6 ya kutumia kwa usalama, hapo inveta nayo inachukua chake. Yani mtu mmoja akioga betri ndo imeisha hivyo, na mko watano. Mimi niliijua hii hesabu baada ya kununua inveta kubwa, ndo maana nakuandikia mapema.

Njia ya pili ni moto wa injini. Hii yenyewe ni ya kweli, maji ya redieta gari likiwa limetembea yanafika nyuzi 85 mpaka 90, na kuna kifaa cha sahani za chuma ambacho maji ya redieta yanapita upande mmoja, maji ya kuoga upande mwingine, hayachanganyiki ila joto linahama. Kikifungwa vizuri kinafanya kazi. Fundi wangu alikifunga kwenye mipira ya hita ya gari, ikavuja kwenye klipu tukiwa porini, injini ikataka kuchemka, tukasimama saa tatu nzima. Mimi nikakitoa. Kama una fundi anayejua kweli fanya, ila mimi siwezi kuweka injini rehani kwa ajili ya kuoga huku nina mama na watoto kwenye barabara ya zaidi ya kilomita 400. Na asikudanganye mtu uchote maji ya redieta yenyewe uogee, ile kulanti ni sumu, na mfuniko wa redieta ya moto haufunguliwi kabisa.

Kilichofanya kazi ni kitu cha kawaida mno. Chemsha maji kidogo, changanya, halafu pampu ndogo iyapandishe. Basi.

Lita 5 za maji yanayochemka ukizimimina kwenye lita 15 za maji ya nyuzi 20 unapata lita 20 za nyuzi 39 au 40 hivi. (Huku kwetu Tabora tuko juu kama mita 1,200 maji yanachemka kwenye nyuzi 96 tu sio 100, haibadilishi kitu kikubwa.) Lita 5 ni sufuria moja kwenye jiko la gesi. Kwa hesabu yangu inakula kama gramu 70 za gesi, kwahiyo ule mtungi wa kilo 6 unaogesha watu zaidi ya 70, na huyo ni kila mtu na lita 20 zake, wakati watoto wangu wawili wanagawana dumu moja na linabaki.

Maji ya baridi yanatangulia kwenye dumu, ya moto yanafuata. Ukianza na ya moto plastiki inalegea, na kibaya zaidi kuna siku mtoto atafungua kabla hujachanganya. Maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi kwa sekunde chache tu. Mimi nina kipimajoto kidogo cha jikoni, nikiona 40 ndo naita mtu, na kama huna chovya kiwiko, sio vidole, vidole vimezoea moto vinakudanganya.

Pampu ni ile ya volti 12 ya wati 60, wengine wanaiita pampu ya sola, inatoa kama lita 5 kwa dakika. Inakula ampea 5, kwa hiyo mtu akioga dakika tatu nne betri haisikii kitu, na hapo ndo utaona tofauti ya kutumia umeme kusukuma maji na kutumia umeme kuyapasha. Weka fyuzi karibu na betri, sio mwisho wa waya. Upande wa kunyonya weka kichujio maana punje moja ya mchanga inaiua. Mdomoni usiweke shawa kubwa ya bafuni, weka kile kishawa cha chooni cha kubonyeza kwa kidole. Hicho ndo siri ya kila kitu, mtu anajimwagia, anaachia, anajisugua sabuni, anabonyeza tena, lita 15 zinamtosha mtu mzima mpaka nywele. Ila pampu iwe ya aina inayojizima yenyewe mpira ukijaa, la sivyo ukiachia kidole inasukuma mpaka mpira unachomoka.

Kama huna hela ya pampu kuna bomba la mgongoni la kupulizia dawa, lita 16, kila duka la pembejeo Urambo linalo. Unatoa ile ncha ya kupuliza unaweka kishawa, unapampu kwa mkono. Linafaa kabisa. Lakini nakuomba, liwe JIPYA. Lililowahi kuingia dawa ya tumbaku au pamba hata uoshe mara ishirini usimwogeshee mtu, dawa zile zinaingia kupitia ngozi.

Kuna na bomba jeusi la plastiki la inchi 4 juu ya keria, wengi wanalipenda, mita moja inabeba lita 8 na jua la huku linapasha bure. Ninalo pia. Saa kumi na moja jioni ni zuri sana kwa watoto, asubuhi ni baridi kama dumu. Na mimi shida yangu ilikuwa asubuhi.

Sehemu ya kuogea: mlango wa nyuma wa Hiace unafunguka kwenda juu, kwahiyo paa unalo tayari, funga turubai kuzunguka na kamba, chini weka chaga ya mbao miguu isikanyage tope. Mama nimemwekea stuli ya plastiki na kamba nene ya kushika wakati wa kunyanyuka. Usiku usiwashe taa ndani ya turubai, kivuli chote kinaonekana nje, hili mke wangu ndo aligundua.

Jiko linakaa NJE. Sio la gesi tu, la mkaa ndo kabisa usiliingize kwenye gari hata kama limebaki majivu mekundu, hewa yake haina harufu na inaua watu wakiwa wamelala. Kuni mimi nimeacha, kiangazi miombo imekauka na cheche moja inatembea kilomita, na mle ndani kuna mizinga ya nyuki ya watu.

Halafu maji yenyewe. Beba ya bomba au ya kisima kutoka mjini. Nimeona watu wanachota Malagarasi pale karibu na Daraja la Kikwete, au ziwani Kigoma, wanachanganya na ya moto wanadhani ni salama. Nyuzi 40 haziui kichocho. Kama huna budi basi chemsha yote, au yakae kwenye dumu siku mbili kabla hujayagusa. Na Malagarasi ina mamba, usimtume mtoto na ndoo. Sabuni nayo usiimwage ukingoni, sogea mbali na maji, udongo uinywe kwanza.

Mwaka huu tulilala karibu pale pale. Nikaamka saa kumi na moja na nusu, sufuria jikoni, nikamgongea mama dirishani na salamu yetu ya asubuhi, "Mwangaluka mayo, maji tayari." Akakaa mle ndani muda mrefu mpaka nikaogopa nikamuuliza kama yuko salama, akasema niache kwanza, magoti yanakunywa. Uvinza alishuka mwenyewe kununua chumvi.

Mkirudi nyumbani mwaga maji yote, washa pampu ikiwa tupu sekunde chache itoe yaliyobaki, acha dumu wazi likauke. La kwangu la kwanza liliota ukijani ndani kwa sababu nililifunga likiwa na maji kidogo.