Mimba kukaa kwenye kovu la operesheni: dada ulieniandikia juzi, jibu lako hili

Juzi usiku nimepata meseji ya dada mmoja, nina wiki 7, mtoto wa kwanza nilizaa kwa operesheni, daktari anasema mimba imekaa kwenye kovu, nitazaa tena kweli? Nililia, maana hilo swali niliuliza mimi mwaka 2019.

Mimi nilianza kuona matone, kama ya mwisho wa hedhi hivi, tumbo wala haliumi. Kituo cha kwanza wakapima kwa juu ya tumbo, mapigo yapo, mama kapumzike. Na yalikuwepo kweli! Roho ikakataa, nikaenda kwingine wakatumia altrasaundi ya ukeni, daktari akanigeuzia skrini akawa ananionyesha na kalamu, kizazi juu kitupu, kifuko kimejibana chini pale pale penye mshono, ukuta kati yake na kibofu umebaki kama uzi. Akasema ikikulia hapo kizazi kinaweza kupasuka, au kondo lizamie kwenye kovu, hapo unavuja damu mpaka kizazi kiondolewe ili upone.

Nikachomwa methotreksati, dawa inayotibu pia saratani, halafu wiki kwa wiki natolewa damu kuangalia homoni ya mimba inashuka. Nyumbani wifi anatangaza nimetoa mimba ya kaka yake. Hilo neno linaniuma mpaka leo.

Sasa wadada nisikilizeni, ukishapitia kisu ukikosa siku zako usisubiri miezi 3 ndo uanze kliniki, wiki ya 6 au 7 uwe umepima, na mwambie anaepima nina kovu, niangalizie imekaa wapi. Mwambie! Haitokei sana, ni kama mimba 1 kwa 2,000, ndo maana asiyeitafuta anaipita. Na tuache habari za mkosi na kurogwa, kovu halikuunga vizuri, mimba ikapata upenyo, basi. Baada ya methotreksati usibebe kabla ya miezi 3, na foliki asidi umeze unapojiandaa kubeba tena, sio wakati dawa bado inafanya kazi.

Mimi nilibeba tena 2021, wiki ya 6 nikawa kitandani pale nimefumba macho, nikasikia "iko juu kabisa mama." Kijana wangu alitolewa kwa operesheni ya kupangwa, sasa hivi anachora ukuta wa sebule.

Kwa hiyo dada, usikae nyumbani kusubiri, nenda leo hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu ya kuongezewa, usiende peke yako, na ujue grupu lako la damu kabla hujafika.