Mapu yako ya Warcraft III inaanza laini halafu inakuwa nzito? Angalia memori kwanza

Madogo wa huku kusini mnaoanza kutengeneza mapu za gemu ya Warcraft III, kuna swali nakutana nalo kila mara: mapu inafunguka fresh, mwanzoni inaenda laini kabisa, ikifika nusu saa inaanza kukwamakwama, na mtu anakimbilia kupunguza miti na modeli akidhani mapu imekuwa kubwa mno. Ingekuwa ni ukubwa ingekuwa nzito tangu inafunguka. Mapu inayozidi kuwa nzito kadiri gemu inavyoenda wakati yuniti (askari na viumbe wa kwenye mapu) ni zilezile, mara nyingi hiyo memori inavuja, yaani vitu vilivyokwisha kazi vinabaki vimeshika nafasi.

Inavuja vipi? Sisi wa Mtwara na Lindi stakabadhi ghalani tunaijua, basi chukulia memori ni ghala la korosho. Triga (maelekezo unayoipa gemu ifanye) ikiomba "Position of unit", yaani pointi ya mahali yuniti ilipo, gemu inaingiza gunia jipya ghalani inakupa stakabadhi. Ukiitumia ile pointi palepale bila kuiweka kwenye variabo (jina la kuhifadhia kitu), stakabadhi umeshaitupa, gunia limebaki na hakuna tena wa kulitoa, gemu yenyewe haipiti kusafisha pointi usizozihitaji. Pointi moja ni kitu kidogo sana, haina shida. Shida ni triga ya kila sekunde 0.03, hiyo inafanya kazi kama mara 33 kwa sekunde, sasa weka yuniti 10 zinazosogezwa nayo, kila moja pointi moja, hapo ni pointi 330 kwa sekunde, nusu saa unakaribia laki sita. Na ukitumia "Polar offset" (pointi iliyo umbali na pembe fulani kutoka pointi nyingine) ndo mbaya zaidi maana inapokea pointi moja inatengeneza nyingine, kwa hiyo kila mzunguko zinavuja mbili.

Dawa yake: weka pointi kwenye variabo kwanza, tuseme umeiita Pointi, itumie, ukimaliza ongeza Custom script:

call RemoveLocation(udg_Pointi)

Hiyo udg_ ni lazima, na herufi kubwa na ndogo ziwe kama ulivyoandika kwenye variabo, ukikosea editor inalalamika ukisevu na triga inazimwa. Kwa polar offset tumia variabo mbili na ufute zote mbili. Makundi ya yuniti nayo yanavuja, dawa yake ni call DestroyGroup(udg_Kundi), au kama unatumia "Pick every unit" moja kwa moja tanguliza set bj_wantDestroyGroup = true mstari wa juu yake, ila hiyo inafanya kazi kwa kundi linalofuata tu, kila Pick inataka ya kwake.

Efekti watu wengi wanazisahau kwa sababu hazionekani tena. Ule mlipuko ukishaisha kwenye skrini efekti bado ipo kwenye memori mpaka uidestroi, na kwa milipuko ya mara moja unaweza kuitengeneza na kuidestroi mstari unaofuata, bado itaonekana vizuri. Dami za spelo (yuniti za kificho zinazokusaidia kupiga spelo) zipe expiration timer zife zenyewe, basi.

Sasa angalizo, usifute kila kitu kwa hasira. "All players" na "Playable map area" ni vitu vya gemu yenyewe, vimetengenezwa mara moja na triga zote zinavitumia, ukivifuta unaharibu mapu nzima. Na triga inayofanya kazi mara moja tu mwanzoni wala isikunyime usingizi, anza na zile za kila sekunde na za spelo zinazopigwa mara kwa mara.

Mkifika kwenye JASS, lugha ya kuandikia kodi ya triga, mtaambiwa muweke null (tupu) kwenye local za handle, yaani variabo za ndani ya function zinazoshika vitu kama pointi na makundi, mwishoni mwa function. Ni kweli, fanyeni, lakini null haifuti kitu, ni kuchana stakabadhi tu. RemoveLocation kwanza, null baadaye, ukigeuza umejifungia gunia ndani mwenyewe.

Nalisisitiza hili sana kwa sababu kompyuta nyingi wanazochezea vijana huku, Masasi, Nachingwea, ni za zamani zenye RAM ndogo, na kwenye LAN mashine moja ikizidiwa wote mnakaa kuisubiri. Mapu nzuri za madogo wetu zinaachwa kwa hilo tu, inaniuma.

Kupima ni hivi: anzisha mapu, usiguse kitu, acha triga zitembee, fungua Task Manager uangalie memori ya gemu. Ikipanda bila kusimama na yuniti haziongezeki, zima nusu ya triga za kujirudia upime tena. Ikiacha kupanda, liki (huo uvujaji) iko kwenye zile ulizozima, ikiendelea iko kwenye zilizobaki, gawa nusu tena mpaka ubaki na triga moja.