Je, nimeze dawa ya kulinda viungo ambavyo haviniumi?

SWALI: Daktari, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Kongwa, nina umri wa miaka 36. Kwa miaka 8 nimekuwa na soriasisi, ugonjwa wa ngozi wenye mabaka ya magamba, kichwani na kwenye viwiko, na kucha zangu zina vishimo vidogo vidogo. Marehemu baba alikuwa na soriasisi pamoja na baridi yabisi inayoandamana nayo, hata vidole vikapinda. Daktari wa ngozi mjini Dodoma amenishauri nianze methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, akasema huenda ikalinda na viungo. Kwa nini nimeze dawa kali kwa ugonjwa ambao sina?

JIBU: Mwalimu, kusita kwako kuna msingi, na kusita huko nimekushuhudia kwa wagonjwa wengi, hata wale wanaomeza dawa ya presha kila siku bila kuhisi maumivu yoyote. Presha hupimwa na namba ikaonekana, lakini hakuna kipimo cha damu kinachoweza kukuambia leo kwamba viungo vyako vitaugua kesho, kwa hiyo mgonjwa anaombwa akubali madhara anayoyajua kwa ajili ya faida asiyoiona.

Hatari yenyewe ipo. Hadi watu 30 kati ya 100 wenye soriasisi hupata ugonjwa wa viungo unaoandamana nayo, mara nyingi miaka 10 hivi baada ya ngozi kuanza. Kucha zenye vishimo, soriasisi ya kichwani na mzazi aliyeugua viungo huongeza uwezekano huo, nawe unavyo vyote vitatu. Unene nao huongeza, na huo ndio unaoweza kupunguzwa bila dawa.

Hata hivyo, hakuna dawa iliyothibitishwa kwa kazi ya kuzuia ugonjwa huu usianze. Kwa maoni yangu, swali la kumrudishia daktari wako ni kama ngozi peke yake inahitaji methotreksati, kwa mfano kwa sababu dawa za kupaka zimeshindwa. Ikiwa inahitaji, ianze kwa ajili ya ngozi, na kinga ya viungo uihesabu kuwa tumaini tu. Ikiwa haihitaji, una haki ya kusubiri huku ukifuatiliwa.

Ukiianza, humezwa mara moja kwa wiki, kamwe si kila siku, kwa kuwa kosa hilo limeua watu. Damu na ini hupimwa kabla na wakati wa matibabu, asidi ya foliki (aina ya vitamini) huongezwa, na pombe huepukwa, ukiwemo mvinyo wa zabibu zetu za Dodoma. Haitumiki kabisa katika ujauzito, hivyo mweleze daktari mapema kama bado unatarajia kupata mtoto.

Kusubiri kusiwe kukaa kimya. Ukiamka viungo vimekakamaa kwa zaidi ya nusu saa, kidole kizima kikavimba, kisigino kikauma bila kuumia, au mgongo ukakuuma usiku na kupata nafuu unapotembea, nenda hospitali ndani ya wiki chache, usingoje likizo, kwa sababu kuchelewa kwa miezi 6 tu kumehusishwa na mifupa ya viungo kulika. Nawe ukiambiwa kuwa kipimo cha damu cha baridi yabisi hakikuonyesha kitu, usirudi nyumbani ukidhani huna ugonjwa: katika ugonjwa huu kwa kawaida hakionyeshi, kwa hiyo omba viungo, visigino na kucha vichunguzwe.