Kijivu hakipimwi kwa simu: kwa wachalii wanaoanza kupaka modeli za plastiki za ndege za mizigo za jeshi

Wachalii wangu, ngoja leo niseme. Jumamosi nimemkuta mmoja wenu ameinamia kikombe cha rangi, simu mkono wa kushoto, anadondosha bluu tone baada ya tone mpaka kikombe kifanane na picha ya C-130, ile ndege ya mizigo ya Marekani, iliyo kwenye kioo. Jirani yake alikuwa na ile programu ya kugusa picha ikakupa namba ya rangi. Kagusa bawa, kapata namba. Kagusa mkia wa ndege hiyohiyo, kapata namba nyingine. Kaniuliza, "Bro, nifuate ipi?" Nikasema naenda kununua maandazi, nikachelewa makusudi.

Nawapenda, ila mnanichosha. Kila mwaka linaingia kundi jipya na makosa yaleyale, mpaka nashuku mnakabidhiana. Praima, puti, kuziba kwa tepu, hayo sitayagusa; mnayaweza, wengine kunizidi. Nazungumzia kazi inayofanyika kabla kompresa haijawashwa: kujua hiyo ndege ilikuwa na rangi gani hasa.

1. Swali la "C-130 ni rangi gani?" silijibu tena.

Ndege hiyo iliruka mara ya kwanza Agosti 1954 na bado inaundwa. Za Marekani zilizofanya kazi Vietnam zilipakwa madoa (namba ni za kitabu chao cha rangi, nitazieleza chini): kahawia mpauko 30219, kijani 34102 na kijani iliyokoza 34079, tumbo likawa kijivu cheupe 36622. Miaka ya 1980 nyingi zikahamia kijani zilizokoza zikichanganywa na kijivu kizito, ule mtindo waliouandaa kwa ajili ya vita vya Ulaya. Kisha ikaja 36173, kijivu kimoja kuanzia puani mpaka mkiani, na ndicho utakachokiona kwenye C-17 pia, ndege yao nyingine ya mizigo. Waingereza nao walipoanza kupokea za kwao mwaka 1967 walizipaka Light Stone na Dark Earth mgongoni, nyeusi tumboni. Sasa wewe unaniambia "C-130" halafu unanikodolea macho. Ya nani? Ya mwaka gani? Mkiani imeandikwa nini?

Hiyo namba ya mkiani ndiyo mlango wa kuingilia, ila nao una kizingiti. Kwa ndege za Jeshi la Anga la Marekani, tarakimu mbili za mwanzo za namba kamili ni mwaka wa fedha ambao ndege iliagizwa. Haikwambii ilipakwa rangi lini. Dogo mmoja wa Sakina aliona 62, akaiacha ndege alumini tupu kwa sababu "ni ya zamani, kaka." Picha aliyokuwa anaifuata, yenye namba ileile, ilipigwa miaka ya 1990 na ndege ni kijivu kitupu. Picha ilikuwa mezani kwake! Alikuwa ameiwekea kikombe cha chai juu.

2. Soma namba, usiikariri.

Federal Standard 595, yaani kitabu cha rangi cha serikali ya Marekani, ilitoka mwaka 1956, na tangu 2017 nafasi yake imechukuliwa na AMS-STD-595, lakini namba mnazozijua zimebaki. Tarakimu ya kwanza ni mng'ao: 1 inang'aa, 2 inang'aa nusu, 3 ni kavu. Ya pili ni ukoo wa rangi: 0 kahawia, 1 nyekundu, 2 chungwa, 3 njano, 4 kijani, 5 bluu, 6 kijivu. Tatu za mwisho zinaonyesha kiasi cha mwanga unaorudi, ndogo ni giza, kubwa ni nyeupe. Kwa hiyo 26173 na 36173 ni rangi moja, tofauti ni mng'ao tu. Nasema hivi kwa sababu kuna mtu aliletewa na dada yake chupa ya 26173 kutoka nje, akakataa kuipokea, akasubiri nyingine miezi. Chupa ya klia ya mati, ile ya kuua mng'ao, ilikuwa kabatini kwake muda wote huo.

Na msichanganye vitabu. RAL ni ya Wajerumani, BS 381C ni ya Waingereza. Light Stone ni 361 na Dark Earth ni 450 humo ndani, na namba hizo hazina ndugu wa tumbo moja kwenye kitabu cha Wamarekani. Yale majedwali ya kulinganisha yanakupa jirani wa karibu, basi.

3. Kadi. Nunueni kadi za rangi, zile sampuli rasmi zenye namba za kitabu, hata kwa kuchangishana. Karatasi uliyochapisha stesheneri siyo kadi.

4. Mwanga, mwanga, mwanga.

Hapa ndipo niseme la kwangu, maana najua mmelisikia likiwa limeongezwa chumvi.

Mzee mmoja wa Moshi, mstaafu wa kazi za uwanja wa ndege, aliniagiza C-130 ya plastiki ya kampuni ya Italeri, skeli ya 1/72, kwa ajili ya sebule yake. Kijivu, ile 36173. Mnaijua ilivyo: mabawa kama sentimita 56, haiingii kwenye boksi lolote la kawaida. Rangi ya dukani ilikuwa imeniishia, na mimi ni fundi rangi wa magari ya watalii, mchana kutwa nachanganya rangi za Land Cruiser. Nikajiambia kijivu kitanishindaje? Nikachukua nyeupe, nyeusi, bluu, na oksidi nyekundu kidogo ya kuua ule ubluu ukizidi. Nikafanya kazi usiku, chini ya tubulaiti ya LED, kadi upande huu, kipande cha plastiki nilichopuliza upande huu. Nilirekebisha mpaka nikiviweka bega kwa bega ule mstari wa katikati unapotea. Nikamwita mke wangu: "Nionyeshe mpaka uko wapi." Akasema haoni. Nililala nikitabasamu.

Nikapuliza ndege nzima. Stika, klia ya mati, kila kitu usikuusiku, kwa sababu mchana nina gari za watu. Ndege ile haikuwahi kuona jua hata mara moja. Asubuhi ya safari niliifunga kwenye kanga mbili, nikapanda Kosta, nikaipakata mpaka Moshi huku konda akitaka kunitoza siti mbili.

"Shikamoo mzee." "Marahaba, karibu." Tukakaa barazani. Saa nne asubuhi, anga jeupe. Nikafunua kanga kwa madaha.

Mzee akatazama. Akazunguka meza. Akauliza taratibu kabisa, "Kijana, hii ni zambarau?"

Wachalii, hapa ndipo aibu ilipo. Kupaka vibaya kila mtu hupaka. Mimi nilimjibu mzee aliyetazama ndege za kweli miaka na miaka kwamba hiyo ni 36173, ya kitabu, na kwamba labda miwani yake ina rangi. Nilisema hivyo kwa mdomo huu. Hakubishana. Akauliza kama kadi ninayo. Nikaitoa kwenye bahasha nikiwa na uhakika wa kumfunga mdomo, nikailaza juu ya bawa.

Kadi ilikuwa kijivu. Bawa lilikuwa biringanya lililoanza kunyauka.

Mama mwenye nyumba akaniletea machalari, nikala bila kujua ladha yake.

Kilichotokea ni hiki. Rangi ya kadi na rangi yangu zilitengenezwa kwa unga tofauti, yaani ule unga unaotia rangi. Chini ya tubulaiti, ambayo wekundu wake ni haba, ile oksidi yangu haikuwa na mwanga wa kurudisha, ikajificha. Jua lina wekundu tele, ikajitokeza yote. Rangi mbili zinaweza kulingana kabisa chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine, na jicho lako halina kosa lolote. Tena oksidi niliiongeza mwenyewe kurekebisha kitu ambacho, nadhani leo, ile taa ndiyo ilikuwa inanidanganya.

Kuirudisha nyuma ilikuwa msiba mwingine. Msasa wa maji ulikula mistari ya mabati, stika za mkiani zikatoka na hazikuwepo nyingine, kwa hiyo ndege ya mzee mpaka leo haina namba. Alinilipa pesa yote. Nilijaribu kupunguza bei, akakataa, akasema nauli za Kosta siku hizi zimepanda. Nilimwomba radhi kwa lile la miwani. Akacheka, akasema miwani yenyewe siku ile alikuwa hajaivaa.

Basi sheria yangu: kipande cha majaribio kikishakauka, kitazame nje kivulini, kisha chini ya tubulaiti, kisha chini ya taa ya njano, kadi ikiwa pembeni kila mahali. Rangi mbichi usiihukumu. Tumia rangi chache kadiri inavyowezekana kuchanganyia. Kila chupa unayoongeza ni mlango mwingine wa kukosea.

Na vitabu vya nje vikiwaambia mkae kwenye dirisha la kaskazini, kumbukeni vimeandikiwa watu wa huko. Sisi tuko nyuzi tatu na ushee kusini mwa ikweta. Kuanzia katikati ya Machi mpaka mwisho wa Septemba jua la mchana linapita upande wetu wa kaskazini, sasa hilo dirisha litakupiga jua la usoni. Tafuta kivuli kilicho wazi juu, saa tatu au nne asubuhi. Yale mawingu ya Juni na Julai mnayoyalaani kwa baridi ndiyo mwanga bora wa kulinganisha rangi tulio nao hapa Chuga, Arusha yetu. Usikae chini ya mwembe, majani yanamwaga kijani juu ya kazi yako. Usikae karibu na ukuta uliopakwa rangi kali. Na wewe unayekuja na jezi nyekundu ya Simba kila Jumamosi, vaa jezi yako, lakini ukifika kwenye kulinganisha kijivu jifunike taulo jeupe. Sitanii. Nimeona wekundu wake kwenye bawa.

5. Picha za zamani zinazeeka.

Slaidi nyingi za enzi za Vietnam zimepoteza usamawati wake na kugeuka wekundu. Ukiona kahawia ya 30219 inaelekea matofali, angalia kwanza kitu unachokijua kwenye picha hiyohiyo, kama mstari mweupe wa nembo. Ukiwa wa waridi, picha imeugua, siyo ndege. Na za rangi nyeusi na nyeupe ni mtego zaidi, kwani filamu nyingine za zamani hazikuona nyekundu kabisa, ziliitoa nyeusi.

6. Namba inakwambia kilichotoka kwenye kopo. Baada ya miaka ya jua na vumbi, ndege imepauka mgongoni kuliko tumboni, na mlango uliobadilishwa juzi unaonekana kiraka. Pauka kwa vipande, usimwage nyeupe kwenye kikombe kizima. Kwa 1/144 punguza ukali wa rangi kidogo zaidi kuliko 1/72. Mimi naongeza kijivu cheupe, maana nyeupe tupu inaifanya kijani ionekane ya hospitali.

7. Uwanja wa ndege wa KIA msipige picha ndege za jeshi. Hata ikiwa imetua imependeza namna gani. Utajikuta unaeleza tofauti ya 26173 na 36173 kwa askari ambaye hana haja nayo.

Kadi zangu zinaazimwa, zinarudi Jumamosi inayofuata, ndani ya bahasha nyeusi, bila alama za vidole. Aliyechukua ukurasa wa kijani nampa mpaka wiki hii. Namjua, na ndege yake ya Dakota, ile ya kijani ya jeshi (olive drab), nimeiona, imetoka vizuri. Airudishe tu, kuna mwenzake anasubiri.