Tafuta jina la askari kwanza, mwanangu

SWALI: Shikamoo Mama. Mwaka jana hapa Columbus, Ohio, polisi walinikamata nje ya jengo ninaloishi. Nililalamika mara mbili kuwa pingu zinanibana, wakanyamaza. Nililala mahabusu usiku mmoja na mkono ukavimba. Baadaye mashtaka yalifutwa. Mawakili watatu wameikataa kesi yangu, wanasema fidia itakuwa ndogo. Naweza kufungua kesi mwenyewe?

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole kwa mkono, na pole zaidi kwa usiku ule.

Unaweza. Sheria yenyewe ni ya mwaka 1871, Bunge la Marekani liliipitisha wakati Ku Klux Klan ikiwatesa watu Weusi kule Kusini. Leo inaitwa Kifungu cha 1983 (hiyo ni namba ya kifungu, si mwaka), nayo inakuruhusu kumdai askari aliyevunja haki zako za Katiba.

Mimi nilisimama peke yangu katika kesi kama yako, hapa hapa Ohio, na kosa langu linaniuma mpaka leo. Askari walikuwa wawili. Mmoja nilimjua jina. Wa pili, aliyenikaba shingo, nilimwandika "John Doe", jina wanalompa mtu asiyejulikana, nikidhani mahakama itamtafuta. Muda wa kufungua kesi hizi Ohio ni miaka 2, nami nilifungua zikiwa zimebaki wiki tatu. Nyaraka zenye jina lake zilipofika, miaka 2 ilikuwa imekwisha. Hakimu akasema siwezi kumwingiza kana kwamba alikuwamo tangu mwanzo. Nikabaki na yule aliyefungua mlango wa gari.

Kwa hiyo usisubiri. Hesabu miaka yako 2 kuanzia siku uliyokamatwa, si siku mashtaka yalipofutwa. Wiki hii andikia idara ya polisi uombe ripoti ya tukio, majina ya askari, na video za kamera za kifuani. Sheria ya rekodi za umma ya Ohio haikulazimishi useme unazitakia nini. Waambie pia kwa maandishi wasifute video hizo.

Katika hati ya madai usiandike "polisi walinionea". Andika nani alifanya nini: huyu alifunga pingu, nikamwambia zinaumiza, akapuuza, mkono ukavimba. Mahakama za huku zinaangalia mambo hayo hayo: ulilalamika, akapuuza, ukaumia. Picha na karatasi za daktari zitunze kama roho yako. Mwendesha mashtaka mwache, ana kinga ya kisheria ya kutodaiwa. Na jiji halibebi lawama kwa sababu tu ndilo mwajiri. Tangu 1978 Mahakama Kuu ya Marekani inataka uonyeshe sera au desturi ya jiji iliyosababisha madhara yako.

Unafungua katika mahakama ya shirikisho, yaani ya serikali kuu ya Marekani, si ya jimbo, iko hapo hapo Columbus. Ada ni dola 405. Kama huna, kuna fomu ya kuomba usamehewe. Ukishafungua una siku 90 za kuwafikishia wadaiwa hati, na sheria haikuruhusu uzipeleke kwa mkono wako mwenyewe. Mtume mtu mzima asiyehusika na kesi.

Niambie, mwanangu, aliyekufunga pingu unamjua jina? Kama humjui, ombi la rekodi litangulie kabla hujaandika mstari mmoja wa madai.